Mpaka wa miaka 80 unavyopandisha gharama za fleti London

FLETI mbili zilizo katika jengo moja mjini London, ghorofa moja na zenye ukubwa sawa, zinaweza kuuzwa kwa bei zinazotofautiana kwa makumi ya maelfu ya Pauni. Tofauti hiyo haitokani na jiko wala rangi ya ukuta. Inatokana na hati. Moja imebakiza miaka mingi katika mkataba wake, nyingine imebakiza michache.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanaotafuta kitega uchumi nchini Uingereza, pamoja na wale ambao ndugu zao walioko huko huwapigia simu kuwaambia kuwa imepatikana fleti ya bei poa na fedha zitumwe haraka kabla haijachukuliwa. Mara nyingi bei hiyo inashuka kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba miaka inakwisha. Anayenunua bila kuhesabu gharama ya kuiongeza anaweza kujikuta amelipa zaidi ya jirani yake aliyenunua kwa bei ya juu.

Unanunua miaka, si ardhi

Katika England na Wales, fleti nyingi huuzwa kwa mkataba wa pango wa muda mrefu. Mikataba hiyo huwa ya miaka 99, 125, na mingine hadi 999. Mnunuzi hupata haki ya kuishi, kupangisha, kuuza au kurithisha kwa muda huo. Ardhi na jengo lenyewe hubaki kuwa mali ya mwenye ardhi, ambaye katika mikataba mingi ya zamani hulipwa kodi ya ardhi kila mwaka. Mkataba ukiisha, fleti inarudi kwake. Scotland ina utaratibu wake tofauti, na fleti za huko hazimo katika hesabu hizi.

Msomaji wa Tanzania hawezi kuona ajabu kumiliki kwa muda maalum. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 99. Tofauti ni kwamba kule London anayesubiri mwisho wa mkataba mara nyingi ni mtu binafsi, kampuni au ukoo wa mabwanyenye, na kila mmoja wao ana mthamini na wakili wake.

Koo mbili zinajulikana zaidi katikati ya jiji hilo. Grosvenor, ukoo wa Duke wa Westminster, unamiliki maeneo makubwa ya Mayfair na Belgravia. Cadogan unamiliki sehemu kubwa ya Chelsea. Bunge lilipopitisha sheria ya mwaka 1967 iliyowapa wapangaji wa muda mrefu wa nyumba za kawaida haki ya kununua ardhi, wadhamini wa mali za Duke walipeleka shauri hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Walishindwa mwaka 1986. Haki ilipopanuliwa kwa wenye fleti mwaka 1993, Duke wa wakati huo alijitoa katika chama cha Conservative kwa kuipinga. Mvutano huo wenyewe unaonyesha ukubwa wa fedha zinazogombewa.

Haki ya kurefusha

Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye fleti haki ya kudai nyongeza ya miaka 90 juu ya ile iliyobaki. Aliyebakiza miaka 70 anapata mkataba mpya wa miaka 160. Kodi ya ardhi nayo inafutwa. Kisheria inaandikwa kuwa kodi ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, maana yake halisi ikiwa ni kwamba hakuna kinacholipwa. Mwenye ardhi hana uwezo wa kukataa kwa sababu tu hataki. Anachoweza kufanya ni kubishana juu ya bei na masharti.

Sharti la msingi ni kwamba mkataba wa awali uwe ulitolewa kwa zaidi ya miaka 21. Zamani mdai alitakiwa pia kuishi katika fleti hiyo, lakini mabadiliko ya mwaka 2002 yaliondoa sharti la makazi. Kwa hiyo mwekezaji anayeishi Kariakoo na kupangisha fleti yake London ana haki sawa na anayelala ndani yake. Sharti la kuwa mmiliki kwa miaka 2 kabla ya kudai liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Tangu hapo mnunuzi anaweza kudai mara tu anapokuwa mmiliki aliyesajiliwa.

Bei inavyopatikana

Bei ya kurefusha mkataba ina mafungu matatu. La kwanza ni fidia kwa kuwa mwenye ardhi atalazimika kusubiri miaka 90 zaidi kabla ya kurudishiwa fleti. Mthamini huchukua thamani ya fleti ya leo na kuishusha kwa kiwango fulani kwa kila mwaka wa kusubiri. Kiwango kinachotumika sana kwa fleti ni asilimia 5. Kiliwekwa na baraza la ardhi la huko katika shauri la Sportelli mwaka 2006, na Mahakama ya Rufaa ikakithibitisha mwaka 2007.

Fungu la pili ni fidia ya kodi ya ardhi ambayo mwenye ardhi hataipokea tena.

Fungu la tatu ndilo linaloleta kilio. Mkataba unaporefushwa, fleti hupanda thamani papo hapo. Jumla ya kile walichonacho pande mbili huwa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla. Ongezeko hilo wathamini wa huko wameliita thamani ya ndoa, kwa kuwa linatokana na haki mbili kuunganishwa. Chini ya utaratibu wa 1993 ongezeko hilo hugawanywa nusu kwa nusu, na nusu ya mwenye ardhi hulipwa na mwenye fleti. Lakini fungu hili halihesabiwi kabisa endapo mkataba umebakiza zaidi ya miaka 80 siku taarifa ya madai inapotolewa. Ukifika miaka 80 kamili au kushuka chini yake, mlango umefunguka.

Chukua mfano wa fleti ambayo ingekuwa na thamani ya Pauni 300,000 kama ingekuwa na mkataba mrefu, na kodi yake ya ardhi ni Pauni 100 kwa mwaka isiyopanda. Kodi hiyo inahesabiwa kwa asilimia 6. Wathamini wamekubaliana kwamba ikibakiza miaka 79 thamani yake ni asilimia 94 ya thamani kamili, na ikibakiza miaka 60 ni asilimia 84. Hesabu, ikikadiriwa kwa makumi, inakuwa hivi:

Miaka 82: fidia ya kusubiri Pauni 5,490, fidia ya kodi 1,650, thamani ya ndoa 0. Jumla Pauni 7,140.

Miaka 79: fidia ya kusubiri Pauni 6,360, fidia ya kodi 1,650, nusu ya thamani ya ndoa 5,000. Jumla Pauni 13,010.

Miaka 60: fidia ya kusubiri Pauni 16,060, fidia ya kodi 1,620, nusu ya thamani ya ndoa 15,160. Jumla Pauni 32,840.

Mwenye fleti aliyekuwa na miaka 82 akakaa kimya kwa miaka 3 tu ameongezewa mzigo wa Pauni 5,870, yaani zaidi ya asilimia 80. Katika kiasi hicho, Pauni 870 zimetokana na miaka kupungua kwa kawaida. Pauni 5,000 zimetokana na kuvuka mpaka. Hakuna tangazo linalobandikwa mlangoni siku mpaka huo unapovukwa. Tarehe imo ndani ya hati, na ni juu ya mwenye fleti kuisoma.

Asilimia 94 na 84 zilizotumika katika mfano si kanuni ya sheria. Hapo ndipo wathamini wa pande mbili hubishana zaidi. Kupanda au kushuka kwa asilimia moja kunasogeza thamani ya fleti hiyo kwa Pauni 3,000, na nusu yake, yaani Pauni 1,500, inaingia katika bei ya kurefusha. Ndiyo maana kumlipa mthamini mzoefu wa mtaa husika si anasa.

Bei ya chini inayodanganya

Turudi kwenye fleti ya miaka 60. Kwa mfano huo thamani yake sokoni ni Pauni 252,000. Mnunuzi akiipata kwa bei hiyo na kulipa Pauni 32,840 za kurefusha, atakuwa ametumia Pauni 284,840 kwa mali yenye thamani ya Pauni 300,000. Amebakiwa na Pauni 15,160, ambazo ndizo nusu yake ya thamani ya ndoa. Humo atatoa gharama za mawakili na wathamini. Biashara hiyo inaweza kulipa.

Sasa muuzaji akiitangaza fleti hiyohiyo kwa Pauni 275,000 na kusema amepunguza Pauni 25,000 kuliko ya jirani, mnunuzi asiyefanya hesabu ataona amepata. Akijumlisha Pauni 32,840, jumla inafika Pauni 307,840. Amelipa Pauni 7,840 zaidi ya aliyenunua fleti ya jirani yenye mkataba mrefu, na hapo bado hajamlipa wakili.

Tatizo la mkopo nalo lipo. Benki nyingi za Uingereza husita kukopesha kwa dhamana ya fleti yenye miaka michache, kwa sababu dhamana hiyo inapungua uzito kila mwaka. Benki zikisita, soko hubaki na wanunuzi wenye fedha taslimu pekee, na hao hushusha bei. Mwekezaji aliyetegemea kuuza haraka pindi atakapohitaji mtaji nyumbani anaweza kukwama. Aidha malipo yote ni kwa Pauni. Shilingi ikiteleza kati ya siku ya taarifa na siku ya kumaliza, gharama kwa aliye Afrika Mashariki inapanda hata kama bei ya London haikubadilika.

Hatua na tarehe zake

Utaratibu wa kisheria unaanza kwa taarifa ya madai ambayo mwenye fleti humpelekea mwenye ardhi kwa maandishi, akitaja bei anayotaka kulipa. Tarehe ya taarifa hiyo ndiyo tarehe ya uthamini. Ina maana kwamba aliyewahi kuitoa akiwa amebakiza miaka 80 na miezi kadhaa analindwa, hata kama mazungumzo yatachukua mwaka mzima. Bei inayotajwa iwe ya kweli, ingawa inaweza kuwa ya chini. Kutaja kiasi cha mzaha kunaweza kusababisha taarifa nzima kubatilishwa.

Mwenye ardhi hupewa angalau miezi 2 ya kujibu. Katika muda huo anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei iliyotajwa au Pauni 250, kutegemea ipi ni kubwa, na kutuma mthamini wake kukagua. Asipojibu katika muda uliowekwa, mwenye fleti anaweza kwenda mahakamani kuomba apewe mkataba kwa masharti aliyoyataja mwenyewe katika taarifa. Iwapo mwenye ardhi hajulikani alipo, mahakama inaweza kutoa amri kwa niaba yake.

Akijibu kwa kukubali haki lakini akataja bei nyingine, mazungumzo yanaanza. Yasipofikia mwafaka, upande wowote unaweza kupeleka suala la bei kwenye baraza la migogoro ya mali. Maombi hayo hupelekwa baada ya miezi 2 tangu jibu litolewe, na kabla ya miezi 6 kwisha. Hapa ndipo wengi huumia. Miezi 6 ikipita bila makubaliano wala maombi, madai yote huhesabiwa yameondolewa, na mwenye fleti husubiri miezi 12 kabla ya kudai upya. Aliyekuwa juu ya miaka 80 anaweza kujikuta chini yake.

Makubaliano yakipatikana, mkataba mpya huandikwa na kusajiliwa katika ofisi ya usajili wa ardhi. Kama fleti ina mkopo, benki lazima ishirikishwe. Chini ya utaratibu wa 1993, mwenye fleti hulipa gharama zake pamoja na gharama halali za wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Mpangaji wa bajeti asisahau fungu hilo.

Fleti inapouzwa katikati ya madai, taarifa inaweza kuhamishiwa kwa mnunuzi pamoja na mkataba. Kwa fleti iliyokaribia miaka 80, mnunuzi anaweza kumtaka muuzaji atoe taarifa hiyo kabla ya mauzo kukamilika, ili miezi ya kusubiri usajili isimvushe mpaka.

Makubaliano ya pembeni

Baadhi ya wenye ardhi hupendekeza kumaliza mambo bila kufuata utaratibu wa sheria. Barua huja ikitaja bei nzuri na muda mfupi wa kujibu. Njia hii inaweza kuwa ya haraka na nafuu, lakini haina ulinzi. Mwenye ardhi anaweza kubadili mawazo wakati wowote, na saa ya mkataba inaendelea kutembea. Anaweza pia kutoa miaka michache kuliko 90, kama vile kurudisha mkataba kwenye miaka 99 tu.

Jicho lielekezwe zaidi kwenye kodi ya ardhi. Tangu tarehe 30 Juni 2022 mikataba mipya ya makazi hairuhusiwi kutoza kodi hiyo. Lakini katika makubaliano ya hiari kodi ya zamani inaweza kuendelea hadi miaka ya mkataba wa awali iishe. Mikataba mingine ya nyuma ina kodi inayojirudufu kila baada ya miaka 10. Pauni 250 zinazojirudufu hivyo hufika Pauni 8,000 kwa mwaka baada ya miaka 50. Aliyefuata sheria ya 1993 anaifuta siku mkataba mpya unapoanza. Aliyekubaliana pembeni huenda akaibeba miongo mingi.

Kusubiri au kutosubiri

Mwezi Mei 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya mageuzi ya mikataba ya pango. Sheria hiyo inaongeza nyongeza ya muda kutoka miaka 90 hadi 990 na inafuta thamani ya ndoa. Hata hivyo vifungu vyake havikuanza kwa pamoja. Kuondolewa kwa sharti la miaka 2 kulianza Januari 2025, lakini wakati huo vifungu vya bei vilikuwa bado vinangoja kanuni za serikali, zikiwemo zile za viwango vya kukokotolea fidia. Hesabu zilizo juu ni za utaratibu wa 1993, na kabla ya kutia saini wakili aulizwe ni kifungu gani kimeanza kutumika siku hiyo.

Kwa aliye chini kabisa ya mpaka, kusubiri kuna mantiki. Mwenye miaka 60 katika mfano angeokoa Pauni 15,160 za thamani ya ndoa, wakati kila mwaka wa kusubiri unamwongezea takriban Pauni 800 kwenye fungu la kwanza. Lakini katika muda huo hawezi kuuza kwa bei kamili wala kukopa kwa urahisi.

Aliyebakiza miaka 81 au 82 yuko katika hali tofauti. Kwa sasa hana thamani ya ndoa ya kulipa, hivyo kufutwa kwake hakumpunguzii kitu. Akisubiri na tarehe ikachelewa, atakuwa amejitia mwenyewe katika fungu ambalo hakuwa nalo. Kwake yeye, taarifa ya mapema ndiyo bima ya bei rahisi.

Ipo pia njia ya wenye fleti kuungana na kununua ardhi yote ya jengo, ikiwa walau nusu ya fleti zote zitashiriki. Inahitaji mtaji mkubwa zaidi na majirani wanaoelewana.

Kabla ya kutuma amana, mnunuzi ajibiwe maswali manne kwa maandishi. Mkataba umebakiza miaka na miezi mingapi? Kodi ya ardhi ni kiasi gani na inapanda vipi? Je, kuna taarifa ya madai iliyokwisha kutolewa, na tarehe zake za mwisho ni zipi? Na mthamini asiye wa muuzaji anakadiria gharama ya kurefusha kuwa kiasi gani? Majibu hayo yakijumlishwa na bei iliyotangazwa, ndipo bei halisi ya fleti inapojulikana.